Ahmad ibn Majid: Mwalimu wa Bahari Aliyehakiki Alichorithi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyezijaalia nyota ziwe alama kwa wasafiri katika giza la bara na bahari. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia tumezoea kusoma habari za mafaqihi na wapokezi wa Hadithi. Safari hii nimeomba nafasi nimwandikie mtu wa bahari: Shihab ad-Din Ahmad ibn Majid, Allah amrehemu. Nina sababu mbili. Ya kwanza, nasomea fizikia, na kila ninapofungua somo la uga wa sumaku wa dunia najikuta nimerudi kwake. Ya pili ni nzito zaidi. Jina lake likitajwa hapa Nyamitanga katika darsa zetu baada ya Isha, au kule Nakivale kwenye baraza za wazee wetu, wengi humjua kwa jambo moja tu: kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India, akawafungulia Wareno mlango wa bahari ya Waislamu. Kwa maneno mengine, kwamba alikuwa msaliti.

Marehemu hawezi kusimama akajitetea. Basi tumtazame kwa haki, maana maisha yake yenyewe yanatufundisha namna ya kuipima habari kabla ya kuipokea.

Mtoto wa nyumba ya waalimu

Ibn Majid alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, bandari ya kale katika eneo linaloitwa leo Ras al-Khaimah, upande wa Ghuba. Nasaba yake inarudi Najd, ndiyo maana huitwa pia an-Najdi. Lakini watu wa nyumba yake walikuwa watu wa maji. Babu yake alikuwa mwongoza vyombo, na baba yake pia, na bahari yao hasa ilikuwa Bahari ya Shamu.

Kazi hiyo Waarabu waliiita mu'allim, neno lile lile ambalo kwetu limekuwa mwalimu. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo, mwenye amri juu ya watu na mali. Mu'allim ndiye aliyeijua njia: nyota ipi ifuatwe usiku huu, upepo utageuka lini, mwamba uko wapi chini ya maji, na ni alama gani za nchi kavu zitaonekana kwanza alfajiri. Akikosea yeye, wote wamekosea.

Baba yake alitunga utungo mrefu uitwao al-Hijaziyya, wenye beti zaidi ya 1,000, unaoeleza njia na miamba ya Bahari ya Shamu. Waliosoma madrasa wataelewa mara moja kwa nini aliutunga kwa beti. Kama vile wanafunzi wanavyohifadhi nahau kwa nudhumu, ndivyo mabaharia walivyohifadhi njia. Karatasi huloa ikachanika. Ubeti uliomo kifuani hauloi.

Hapa ndipo tabia ya Ibn Majid inapoanza kuonekana. Alirithi elimu ya babu yake na elimu ya baba yake. Angeweza kuihifadhi kama ilivyo na kuwasomesha wengine, na watu wangemheshimu kwa nasaba yake tu. Yeye aliilinganisha ya babu na ya baba, kisha akaipima yote kwa safari zake mwenyewe kwa muda wa karibu miaka 40. Palipokuwa sawa alithibitisha, na palipokuwa na kosa alisahihisha na kuandika kwamba amesahihisha. Hakumdharau baba yake kwa kufanya hivyo. Aliona kuwa kumheshimu mzazi ni kuikamilisha kazi yake.

Aliwapima vivyo hivyo waandishi wa zamani. Kulikuwa na watu watatu mashuhuri waliotangulia kuandika juu ya njia za bahari: Muhammad ibn Shadhan, Sahl ibn Aban na Laith ibn Kahlan. Aliwataja kwa sifa, akawaita simba. Lakini alisema pia bila kificho kwamba walikuwa wakusanyaji wa maneno kuliko wajaribu, kwani safari zao wenyewe zilikuwa fupi na mengi waliyaandika kwa kuuliza watu. Kisha akajihesabu yeye kuwa wa nne baada yao. Unaweza kuona kiburi kidogo hapo. Mimi naona mtu aliyejua tofauti ya kusikia na kushuhudia, na aliyetaka tofauti hiyo iandikwe.

Elimu yake

Mwaka 1462 alimaliza utungo wake uitwao Hawiyat al-ikhtisar fi usul ilm al-bihar, wenye beti zaidi ya 1,000, unaokusanya misingi ya elimu ya bahari. Mwaka 1490 alikamilisha kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawa'id, chenye milango 12. Humo anaeleza asili ya usafiri wa baharini, sindano ya sumaku, vituo vya mwezi, nyota za njia, visiwa vikubwa, misimu ya pepo, na mwisho Bahari ya Shamu aliyorithi kwa baba yake.

Anaeleza pia sifa za mwalimu wa chombo. Awe mcha Mungu, asimdhulumu mtu. Awe mvumilivu, asiwe na papara wala maneno mengi. Akikague chombo kingali nchi kavu, asingoje mpaka maji yaingie. Akeshe, kwa kuwa usingizi wake ni hatari kwa waliolala wakimtegemea. Ukiondoa bahari, mtu angeweza kudhani anaeleza sifa za imamu au za amiri wa jumuiya kama yetu.

Elimu yenyewe ilisimama juu ya vipimo. Duara ya upeo aliigawa sehemu 32, kila sehemu ikiitwa kwa mahali nyota fulani inapochomoza au kuzama, pamoja na ncha mbili za kaskazini na kusini. Urefu wa nyota juu ya upeo ulipimwa kwa isbaa, yaani kidole, na duara nzima ilikuwa na isbaa 224. Kwa hiyo isbaa moja ni kama digrii 1.6 za leo. Chombo cha kupimia kilikuwa kibao kidogo chenye kamba iliyofungwa mafundo, kiitwacho kamal. Ukishika fundo kwa meno na kukilinganisha kibao kati ya upeo na nyota, unajua uko umbali gani kaskazini au kusini.

Nyota iliyotumika zaidi ni Jah, ile ya kaskazini. Lakini Jah haikai penye ncha hasa. Wakati wa Ibn Majid ilikuwa mbali zaidi na ncha kuliko leo, nayo huzunguka kidogo kila usiku. Asiyeijua hesabu ya kusahihisha mzunguko huo angepotea. Na anayeshuka kusini kuelekea kwetu huiona Jah ikizama usiku baada ya usiku mpaka inapotea kabisa. Hapa Mbarara, tulio kusini kidogo ya ikweta, hatuioni. Kwa bahari hizi mabaharia walitegemea nyota nyingine, kama Farqadani, Naash na Suheli.

Pwani ya Waswahili aliiandikia utungo maalumu, as-Sufaliyya, unaoeleza njia ya kuteremka hadi Sofala, iliyoko Msumbiji ya leo. Mtu huyu basi si mgeni kwetu. Kaskazi na kusi, pepo zilizoleta Uislamu, biashara na maneno mengi ya lugha tunayozungumza, ndizo alizozihesabu siku kwa siku.

Sindano

Wengi humwita mvumbuzi wa dira. Hilo nalo tulipime. Wachina waliijua sindano ya sumaku karne kadhaa kabla yake. Katika vitabu vya Kiarabu, Bailak al-Qibjaqi alieleza jinsi mabaharia walivyoielea sindano majini katika safari ya mwaka 1242 kwenye bahari ya Mediterania. Na karibu mwaka 1290 mfalme wa Yemen, al-Ashraf Umar, aliandika risala juu ya chombo chenye sindano ya sumaku na namna ya kukitumia kutafutia kibla. Kwa hiyo Waislamu walikuwa wakielekea Makka kwa msaada wa sumaku zaidi ya karne moja kabla Ibn Majid hajazaliwa.

Alichodai yeye mwenyewe ni kidogo na ni wazi: kwamba miongoni mwa mambo aliyoyabuni ni kuiweka sumaku juu ya kijaluba chake chenyewe. Ni kazi ya fundi anayeboresha chombo alichokikuta. Umaarufu ukaongeza mengine. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeondoka Aden mwaka 1854, aliwasikia mabaharia wakisoma Fatiha kwa ajili ya Sheikh Majid kama mwenye kubuni dira. Dua hiyo ni njema, ingawa habari iliyo ndani yake imepita kiasi.

Tukumbuke basi: sifa za mtu huyu zimevuka ukweli. Je, lawama zake?

Tuhuma ya Malindi

Yaliyo wazi ni haya. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpa mwongoza chombo. Wareno wakang'oa nanga Aprili 24, na Mei 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Miaka 7 baadaye, mwaka 1505, meli za Kireno ziliivamia Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Maumivu yetu yana msingi, na ni kawaida ya mwenye maumivu kutafuta nani alifungua mlango.

Sasa tuwaite mashahidi. Anayemtaja Ibn Majid ni Qutb ad-Din an-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, katika kitabu chake juu ya ushindi wa Waturuki huko Yemen. Anasema kuwa baharia hodari aitwaye Ahmad ibn Majid aliwaonesha Wareno njia akiwa amelewa. An-Nahrawali alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alizaliwa mwaka 1511, miaka 13 baada ya tukio. Hakuwapo, wala hakutaja mtu aliyemsimulia miongoni mwa waliokuwapo. Wanafunzi wa Hadithi wataniambia hukumu ya habari ya namna hiyo: mnyororo wake umekatika.

Upande wa pili wapo Wareno wenyewe. Maelezo ya mtu aliyekuwa ndani ya safari ile yanasema mwongozaji alikuwa Mkristo. Na tunajua kuwa Wareno hao waliwadhania Wahindu waliowakuta Malindi kuwa Wakristo. Castanheda, mwanahistoria wao, anasema alikuwa mtu wa Gujarat. Barros, mwingine wao, anasema alikuwa Muislamu wa Gujarat na kumwita Malemo Cana. Malemo si jina. Ni mu'allim, mwalimu. Na Cana, au Canaca kwa mwandishi mwingine, ni cheo cha Kihindi cha mjuzi wa nyota. Hakuna hata mmoja wao anayetaja Julfar, wala Majid, wala mtunzi mashuhuri wa vitabu.

Na Ibn Majid mwenyewe? Katika nakala ya as-Sufaliyya iliyohifadhiwa Urusi, ambayo mtaalamu Shumovsky aliichapisha mwaka 1957, zimo beti zinazowataja Wafaranji na kufika kwao. Wapo wataalamu walioona kuwa baadhi ya beti hizo ziliongezwa na mkono mwingine. Lakini hata ukizipokea zote, hakuna ubeti anaosema aliwaongoza. Mtu huyu aliyeandika kila alichokibuni, hata kuweka sumaku juu ya kijaluba, hakuandika hilo.

Vipi basi habari ikaenea hivi? Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand alizichapisha kazi za Ibn Majid, akaiunganisha habari ya an-Nahrawali na ya Wareno, akasema mwongozaji yule ndiye Ibn Majid. Kutoka kwake ikaingia vitabuni, kutoka vitabuni ikaingia madarasani. Baadaye wengine waliipinga, akiwamo G. R. Tibbetts, aliyekifasiri Kitab al-Fawa'id kwa Kiingereza, na mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, aliyeandika kitabu kizima kumtakasa na tuhuma. Lakini marekebisho hayasafiri haraka kama tuhuma.

Sisi tuliokulia Nakivale tunaujua uzito wa jambo hili kuliko wengi. Kambi yetu imekusanya watu wa Kongo, Somalia, Burundi, Rwanda na kwingineko, na kila mmoja amekuja na habari yake. Neno moja likisemwa juu ya mtu, kwamba kule alikotoka alifanya kadha wa kadha, linamfuata foleni hadi foleni. Watu kumi wakilirudia, linaonekana lina mashahidi kumi, kumbe shahidi ni mmoja na wengine tisa ni mwangwi wake. Kitabu cha Allah kimetuamuru tuihakiki habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua. Sijaona mahali palipoandikwa kuwa amri hiyo inakoma mtu akifa.

Kutoka Malindi hadi angani

Kazi ya Ibn Majid haikuishia naye. Kazi yake ya mwisho yenye tarehe ni ya karibu mwaka 1500, na baada ya hapo habari zake zinakatika. Mwaka 1554 amiri wa bahari wa Kituruki, Seydi Ali Reis, alizikusanya elimu zake katika kitabu cha Kituruki kiitwacho al-Muhit. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert alieleza kwa nini sindano hugeuka: dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Na sumaku hiyo haiishii ardhini. Inaenea angani maelfu ya kilomita na kutukinga na upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme unaotoka kwenye jua usiku na mchana. Jua likichafuka, kinga hiyo hutikisika. Machi 1989 tikiso kama hilo lilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa kadhaa.

Msomaji atashangaa akijua kuwa kazi ya kuichunguza kinga hii angani imepita Malindi. Karibu na mji huo, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Desemba 12, 1970 ilirushwa hapo satelaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa ajili ya kuchunguza miale kutoka kwenye nyota. Na Novemba 15, 1971 ikarushwa Explorer 45 ya Marekani, iliyotumwa kuchunguza uga wa sumaku wa dunia na ule mkondo wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba za jua. Pwani ile ile alikochukuliwa mwalimu asiyejulikana jina mwaka 1498.

Lakini satelaiti moja ina udhaifu wa shahidi mmoja. Tuseme jahazi moja limo baharini na ghafla linapigwa na upepo. Je, upepo umeanza sasa bahari nzima, au jahazi limeingia mahali ambapo upepo ulikuwapo tangu asubuhi? Aliyemo ndani hawezi kujua. Akiwa na wenzake watatu katika majahazi mengine, kila mmoja mahali pake, wakiandika saa na nguvu ya upepo, wataweza kusema upepo umetoka wapi, unakwenda wapi na kwa kasi gani.

Ndiyo maana Shirika la Anga la Ulaya liliunda satelaiti nne kwa pamoja, zikaitwa Cluster, ziende angani kwa umbo la piramidi ya nyuso tatu na kitako. Juni 4, 1996 ziliwekwa juu ya roketi mpya ya Ariane 5 huko Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sekunde 40 hivi baada ya kuwashwa, roketi ilipinda, ikavunjika na kulipuka. Satelaiti zote nne ziliteketea.

Sababu yake inafaa kusimuliwa katika kila darasa. Kompyuta ya kuongozea roketi ilikuwa na programu iliyorithiwa kutoka kwa roketi ya zamani, Ariane 4. Kule ilifanya kazi vizuri, basi ikahamishwa bila kupimwa kwa njia ya roketi mpya. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kompyuta ikazima. Palikuwa na kompyuta ya pili ya akiba. Nayo ilibeba programu ile ile, ikazima kwa kosa lile lile. Mwangwi haukuwa shahidi wa pili.

Wahusika hawakukata tamaa. Walijenga nyingine nne, wakazirusha mbili mbili kutoka Baikonur, Kazakhstan, Julai 16 na Agosti 9, mwaka 2000. Walizipa majina ya ngoma: Rumba, Salsa, Samba na Tango. Ziliongozwa kutoka Darmstadt, Ujerumani. Waongozaji walizisogeza karibu au mbali kadiri ya swali walilouliza: mara nyingine kilomita chache tu kati ya moja na nyingine, mara nyingine maelfu. Betri zake zilitengenezwa kwa madini yasiyo na sumaku, ili zisiudanganye mkono wa kupimia. Betri hizo zilipochakaa na kufa moja baada ya nyingine, waongozaji walijifunza kuizima satelaiti nzima kila inapoingia kwenye kivuli cha dunia, kisha kuiamsha upya inapotoka kwenye jua na kuipa tena maagizo yake yote. Kazi iliyopangiwa miaka 2 ilidumu miaka 24. Septemba 8, 2024 Salsa ilirudishwa kwa makusudi ikaungua angani juu ya Pasifiki ya kusini, mbali na watu.

Ninaposoma habari zao naiona ile orodha ya sifa za mwalimu: kukesha, kukikagua chombo mapema, kutokuwa na papara, na kuwafikiria wasio na habari.

Kibla chetu

Elimu hii iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mstari ambapo sindano ya sumaku hulala sawa kabisa hauko juu ya ikweta yetu; katika Afrika Mashariki unapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Hapa Mbarara kipo kituo kinachopokea mawimbi ya satelaiti za GPS, na vipimo vyake vimetumiwa na watafiti kuchunguza tabaka la juu la anga ambalo dhoruba za jua hulivuruga. Wanafunzi wa sayansi miongoni mwetu wana mlango wazi.

Na kuna jambo la kufanya hata kwa asiyesoma sayansi. Misikiti mingi midogo ya Nakivale, na vyumba vyetu vya kusalia hapa mjini, vimepata kibla kwa simu. Simu hutumia kihisio kidogo cha kupimia uga wa sumaku kilichomo ndani yake, na kusahihishwa kwa ramani ya uga wa sumaku inayotengenezwa kwa msaada wa satelaiti. Lakini mabati, nondo na pikipiki iliyoegeshwa ukutani huipotosha sindano ya simu kama zilivyoipotosha ya jahazi. Kutoka Mbarara kibla ni kama digrii 22 mashariki ya kaskazini ya kweli. Aliyekosea kwa sababu ya bati anaweza kuwa amekosea sana.

Upo shahidi mwingine asiyejali bati. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe: Mei 27 au 28, saa 6 na dakika 18 mchana, na Julai 15 au 16, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa ya Makka ni sawa na saa ya Uganda, kwa hiyo hakuna hesabu ya kubadilisha. Simika fimbo wima mahali pa wazi. Wakati huo, ukiangalia kutoka ncha ya kivuli kuelekea kwenye fimbo, unaangalia kibla. Kisha linganisha na simu, na linganisha na ukuta wa msikiti. Yakikubaliana, alhamdulillahi. Yakitofautiana, zungumzeni na imamu kwa adabu, kama Ibn Majid alivyomsahihisha baba yake pasipo kumvunjia heshima.

Napendekeza jumuiya yetu ifanye zoezi hili Mei ijayo, hapa Nyamitanga na kule Nakivale siku ile ile, na kila kundi liandike lilichokiona kabla ya kuuliza kundi lingine limeona nini.

Allah amrehemu Ahmad ibn Majid, amsamehe aliyokosea, na amwondolee aliyozuliwa. Atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakayahakiki, kisha wakafuata yaliyo mazuri zaidi. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.